Je, wajua kwa nini uniti moja ya LUKU (umeme wa kulipia kabla ya kutumia nchini Tanzania) yaweza kumweleza mtoto habari za tabianchi?

Mtoto anayesikia redioni kwamba dunia inazidi kupata joto huuliza mambo mawili: joto hilo linatoka wapi, na sisi tufanye nini. La kwanza hujibika kwa blanketi. Blanketi halitengenezi joto, bali huzuia joto la mwili lisitoke upesi. Hewa ukaa (kaboni dioksidi) nayo huzuia sehemu ya joto ambalo ardhi iliyopigwa na jua hulirudisha juu. Kwa kiasi chake hewa hiyo ni ya lazima, kwa kuwa bila gesi za namna hiyo wastani wa joto la dunia ungekuwa nyuzi 18 hivi chini ya sifuri. Shida ni kwamba binadamu, kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi na kwa kufyeka misitu, wameuongeza unene wake: kabla ya enzi ya viwanda kila sehemu milioni za hewa zilikuwa na sehemu 280 hivi za hewa ukaa, na leo zimepita 420. Tundu la ozoni, yaani kupungua kwa tabaka la hewa linalotukinga na mionzi mikali ya jua, ambalo watu wazima wengi hulichomeka hapa, ni habari nyingine.

La pili wazazi hulijibu kwa kusema "zima taa", jibu ambalo si baya ila ni dogo. Mtoto anayejua kugawanya apelekwe kwenye mita ya LUKU na kuelezwa kwamba uniti moja ni umeme unaoliwa na kifaa cha wati 1,000 kwa saa nzima. Balbu ya LED ya wati 9 itakaa na uniti hiyo saa 111, ilhali birika la wati 2,000 likichemsha maji kwa dakika 6 hula umeme ambao ungeiwasha balbu hiyo saa 22. Baada ya hesabu hiyo si ajabu akapendekeza mwenyewe kwamba birika litiwe maji ya vikombe vinavyohitajika tu. Akiuliza umeme wenyewe hutoka wapi, nchini Tanzania sehemu kubwa hutokana na maji, likiwemo bwawa la Julius Nyerere kwenye mto Rufiji, na gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay.

Asibebeshwe lawama, maana mchango wa Afrika nzima katika hewa ukaa ambayo dunia huitoa kwa kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi ni asilimia 4 hivi tu kwa mwaka.

Hata hivyo, nyumba nyingi hupikia mkaa au kuni, na hayo mita haiyaoni. Maharage yalowekwe tangu usiku, sufuria ifunikwe, na yakishachemka moto upunguzwe. Mtoto atashangaa kwa nini hayachelewi kuiva. Ni kwa sababu maji yanayochemka hayapandi joto tena: Dar es Salaam hubaki karibu nyuzi 100, Mbeya pungufu kidogo kwa ajili ya mwinuko, na moto wa ziada huyageuza mvuke tu. Sufuria ya presha pekee hutofautiana, kwa kuwa mvuke uliofungiwa humo huyafikisha maji karibu nyuzi 120, na maharage huiva mapema zaidi.