Kupoza kwa uvukizi: kompyuta, mtungi na hewa ya Nairobi

Mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi pale Nyamakima, katikati ya Nairobi, alivitazama vitu nilivyopanga juu ya kaunta yake: bomba la PVC la inchi 4 lenye urefu wa mita moja na nusu, tii (kiungo chenye umbo la herufi T) ya kuliunganisha, kichwa cha shawa cha plastiki na ndoo ya lita 20. Mkononi nilikuwa na pampu ndogo ya tangi la samaki. Akaniuliza, "Kijana, unawajengea samaki bafu?" Nikamjibu, "Hapana mzee, ni ya kupoza kompyuta." Akacheka, kisha akanipunguzia shilingi hamsini, nadhani kwa kunihurumia.

Hakuwa mbali na ukweli. Ni bafu kweli, ila anayeoga ni hewa.

Kupoza kwa uvukizi ni kuondoa joto kwenye kitu kwa kuyaacha maji yageuke mvuke. Wengi hudhani ubaridi wa maji ndio unaofanya kazi. Sivyo. Hata maji ya vuguvugu yatapoza, mradi sehemu yake ipate kutoroka hewani.

Aliyekulia nyumba yenye mtungi anaijua dhana hii hata kama hakuwahi kusikia jina lake. Hapa Nairobi neno mtungi limeshahamia kwenye jerikeni la plastiki, na jambo hilo linatusaidia kuona tofauti. Weka mtungi wa plastiki na wa udongo kivulini pamoja. Maji ya plastiki yatafuata joto la chumba. Ya udongo yatakuwa baridi kuliko chumba chenyewe. Udongo uliochomwa una vitundu vidogo mno, maji hupenya hadi nje na kuvukiza. Mtungi unatoka jasho, kama sisi. Wakulima wa mboga hutumia hila hiyohiyo wanapojenga kibanda chenye kuta za makaa na kuzilowesha mara kwa mara ili sukuma wiki isinyauke kabla ya kufika sokoni.

Sababu ni kwamba molekuli za maji hazikimbii kwa kasi moja. Zenye kasi kubwa ndizo zinazoweza kuchomoka na kwenda hewani, na zikiondoka huondoka na nguvu zake. Zinazobaki ni za polepole, na maji yenye molekuli za polepole ndiyo tunayoyaita baridi.

Kiasi cha joto kinachobebwa hivyo ni kikubwa, na jikoni unaweza kukiona. Kuchemsha lita moja ya maji Nairobi, kutoka digrii 20 hadi yanapotokota kwenye digrii 95 hivi (kwa sababu ya mwinuko wetu hayafiki 100), huhitaji takriban kilojuli 314. Sasa acha sufuria motoni hadi ikauke kabisa: utatumia zaidi ya mara saba ya moto huo. Ndiyo maana chai huchemka upesi lakini sufuria iliyosahaulika huchukua muda kuungua.

Turudi kwenye kompyuta. Prosesa, yaani chipu inayofanya hesabu za kompyuta, ikitumia wati 100 inatoa joto la wati 100. Katika mfumo wa kawaida wa kupoza kwa maji, juu ya prosesa huwekwa kipande cha shaba chenye mifereji ndani, pampu hupitisha maji humo, kisha maji huenda kwenye redieta yenye feni, kama ya gari lakini ndogo. Redieta ina mpaka mmoja usiovukika: haiwezi kuyashusha maji chini ya joto la hewa ya chumba. Chumba kikiwa digrii 28, maji yatakuwa juu ya 28, hata ununue redieta ya bei gani. Tena hewa ya Nairobi ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya sita, kwa hiyo kila mzunguko wa feni unabeba joto pungufu kidogo.

Mnara wa uvukizi unaiondoa redieta. Maji yaliyotoka kwenye shaba hupandishwa hadi juu ya bomba, hunyunyizwa na kichwa cha shawa, huanguka kama mvua ndani ya bomba na kukusanyika kwenye ndoo. Pembeni, karibu na chini, feni husukuma hewa ndani kupitia ile tii. Hewa hupanda huku matone yakishuka. Sehemu ndogo ya maji huvukiza, yaliyobaki hupoa na kurudi kwa pampu. Mapema miaka ya 2000 wapenzi wa kompyuta wa Marekani na Ulaya walijenga minara hii majumbani, na kwa umbo lake wakaipa jina la kiko cha maji cha kuvutia bangi. Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta zao. Mitambo ya umeme wa jotoardhi kule Olkaria, karibu na Naivasha, hupozwa kwa minara inayofuata kanuni hiyo, ila ya kwao ni majengo.

Basi mnara unaweza kushusha maji hadi wapi? Hapa ndipo watu wengi hukosea hesabu. Kikomo si joto la hewa, wala si sifuri. Kikomo ni joto ambalo kipimajoto kingeonyesha kama ungekifunga kitambaa cha pamba kilicholowa na kukipuliza kwa feni. Hewa ikiwa kavu, kitambaa huvukiza haraka na kipimajoto hushuka sana. Hewa ikiwa imeshiba unyevu, hakuna nafasi ya mvuke mwingine, na kipimajoto hubaki karibu palepale.

Alasiri kavu ya Januari au Februari, Nairobi ikiwa na digrii 27 na unyevu wa asilimia 40, kitambaa hicho husoma karibu 18. Pengo la digrii tisa. Mombasa siku ya digrii 32 na unyevu wa asilimia 65, kitambaa husoma karibu 27, yaani mnara bora kabisa wa Mombasa ungetoa maji yenye joto la hewa ya Nairobi. Wangu, kwa feni moja ya kompyuta na shawa ya bei rahisi, haukuwahi kukifikia kikomo. Kwa kawaida maji yalisimama digrii tatu au nne juu yake. Siku kavu bado yalikuwa baridi kuliko chumba, jambo ambalo redieta hailiwezi.

Kitu kimoja kilinifurahisha nilipokielewa. Ukipoza kompyuta kwa barafu au kwa mtambo wa friji, mabomba hutoka jasho na matone huangukia bodi kuu ya kompyuta. Kwa mnara huu, maji hayawezi kushuka chini ya joto ambalo hewa huanza kudondosha umande, mradi mnara na kompyuta vinavuta hewa moja. Jasho lote linabaki ndani ya bomba.

Gharama yake ni maji. Kila gramu inayovukiza hubeba takriban juli 2,440, kwa hiyo wati 100 hula karibu mililita 150 kwa saa. Kompyuta ya michezo yenye prosesa na kadi ya michoro zinazotoa wati 300 kwa pamoja hula kama mililita 440 kwa saa, na mtu akicheza saa nane ni lita tatu na nusu. Kwenye mtaa unaopata maji siku mbili kwa wiki, jirani akikuona unamiminia kompyuta atakuwa na haki ya kukuuliza maswali.

Na maji hayo yanakwenda wapi? Chumbani. Bedsita ya mita 3 kwa 4 ina hewa ya mita za ujazo kama 30, ambayo kwa digrii 25 haiwezi kubeba zaidi ya gramu 690 za mvuke. Ikianza ikiwa na nusu ya mvuke huo, na madirisha yamefungwa, hizo wati 300 zitaijaza kwa muda usiofika saa moja. Baada ya hapo uvukizi unadorora, maji yanaanza kupanda joto, na godoro linanuka. Kwa hiyo wangu ulihamia roshani wiki ya pili, na mipira ya maji ikapita dirishani.

Kinachovukiza ni maji matupu. Chumvi hubaki ndooni. Maji ya visima virefu vya Nairobi mara nyingi yana fluoridi na chumvi nyingi kuliko yanayotoka bwawa la Ndakaini, na ukiongeza tu bila kumwaga, mifereji ya shaba itaota ukoko. Vumbi nalo husafishwa kutoka hewani hadi ndani ya ndoo. Baada ya siku tatu yangu ilikuwa rangi ya chai ya maziwa. Mbu wataipenda. Hatari kubwa zaidi ni bakteria wa Legionella, waliopata jina lao baada ya mlipuko wa homa ya mapafu uliowakumba maveterani waliokutana Philadelphia mwaka 1976: hustawi kwenye maji ya vuguvugu na huingia mapafuni kupitia matone madogo. Mimi nilikuwa namwaga maji yote kila Jumamosi na kusugua ndoo kwa jiki. Asiye tayari kwa kazi hiyo anunue redieta.

Kabla hujaenda Nyamakima, chukua kipimajoto, kifunge kitambaa cha pamba kilicholowa, kiweke mbele ya feni dakika tano, ulinganishe na kipimajoto kikavu. Pengo likiwa chini ya digrii tano, baki na pesa zako. Mimi nililifanya jaribio hilo mwezi Mei, mvua ikinyesha, mnara ukiwa umeshajengwa. Pengo lilikuwa digrii mbili.