Mpiga solo, sikiliza nyatiti

Wanafunzi wangu wa gitaa wakitafuta mtindo wao, wengi hujifungia na nyimbo za mpigaji mmoja, mara nyingi Franco au Dr. Nico, magwiji wa gitaa wa Kongo, wakakopi mpaka noti ya mwisho. Siwakatazi. Kukopi kunanyoosha vidole, na bendi za dansi zimelea wapigaji kwa njia hiyo miaka nenda rudi. Ila ukikopi gitaa kwa gitaa, kila kitu kinaingia kama kilivyo. Hakuna kinachokulazimisha ubuni.

Tazama benga, muziki wa gitaa wa Wajaluo. Vijana wa Kijaluo waliposhika gitaa, masikioni mwao tayari ilikuwepo nyatiti, ala yao ya jadi: nyuzi nane, kila uzi na sauti yake, na pete ya chuma kwenye kidole cha mguu ikigonga mti wa chombo kushika mapigo. Noti zake ni fupi, zinafukuzana. Gitaa haliwezi kulia hivyo hasa, kwa hiyo ilibidi watafute njia: wakadonoa noti moja moja kwa kasi, wakamfuata mwimbaji, akinyamaza wakamjibu. Ndivyo anavyosikika mpiga benga D.O. Misiani, aliyezaliwa Shirati, Tanzania, mwaka 1940 akaja kupata jina Kenya. Mimi naamini mtindo unaanzia hapo hapo, pale chombo chako kinapokataa kuiga ulichokisikia.

Jingine ni kusikiliza bendi nzima. Kwenye dansi la Dar es Salaam kuna magitaa ya solo, second solo, rhythm na besi. Mpiga solo huacha mapengo makusudi kwa sababu anajua second solo atayajaza. Mtu anayekopi solo peke yake huishia na muziki wenye matobo, halafu anadhani kosa liko kwenye vidole vyake. Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, Kongo, alikuwa na gitaa moja tu la galatoni, yaani gitaa kavu lisilo la umeme, na hakuacha pengo: dole gumba lilishika besi, kidole cha shahada kikapiga melodia.

Video za kwenye simu sizipendi sana kwa kazi hii. Zinaonyesha kidole kiko wapi, na mwanafunzi anaiga kidole badala ya sauti. Zima picha. Imba kipande kwa mdomo mpaka kikae, ndipo uguse gitaa.

Kama nyatiti iko mbali nawe, chukua ilimba ya Wagogo, ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba, kwa mfano rekodi za Hukwe Zawose. Ule mkwaruzo wa vyuma hautautoa kwenye nyuzi za gitaa. Labda utalaza kiganja karibu na daraja, pale nyuzi zinapoishia kwenye mwili wa gitaa, labda utachomeka kipande cha karatasi katikati ya nyuzi. Anza na kipande cha muziki cha sekunde chache tu, na usijirekodi mpaka uweze kukipiga huku unaongea na mtu.