Marejeleo ya vyanzo kwenye mti wa ukoo: tunayoyaamini na yaliyo kweli

Anayetafuta nasaba yake mtandaoni huvumilia mengi: mwandiko usiosomeka, majina yanayofanana, kurasa zilizoliwa na wadudu. Lakini kinachomkatisha tamaa mara nyingi ni kurekebisha rejeleo la chanzo, yaani maelezo ya mahali alipolipata jambo aliloliandika. Anabonyeza "hariri", anakuta visanduku sita, hajui kipi kinabeba jina la daftari na kipi namba ya ukurasa. Akihifadhi, kinachotokea si alichoandika. Nimeyapitia haya kwa miaka mingi. Waliounda tovuti wana lawama yao, na nitaisema. Hata hivyo, uchovu mwingi unatokana na mambo tunayoyaamini kuhusu marejeleo ambayo si kweli.

Dhana: Rejeleo lililotengenezwa na tovuti yenyewe limekamilika.

Tovuti huandika jina la mkusanyiko wake, na jina hilo mara nyingi si la kitu ambacho mtu yeyote amewahi kukishika mkononi. Chukua mkusanyiko wa FamilySearch, tovuti ya kutafuta nasaba, wa uzazi na ubatizo wa Uingereza, wa miaka 1538 hadi 1975. Mwaka 1538 ndipo parokia za huko zilipoamriwa kutunza madaftari, kwa hiyo miaka inaeleweka. Lakini hakuna daftari lenye jina hilo kwenye rafu yoyote. Ni faharasa iliyokusanywa kutoka madaftari mengi ya parokia nyingi. Rejeleo likiishia hapo, msomaji hajui ni parokia ipi, daftari lipi, ukurasa gani, wala kama wewe uliona daftari lenyewe au uliona mstari ulionakiliwa na mtu mwingine.

Kwa hiyo andika ulichokiona kwa macho yako. Kama ni faharasa, sema ni faharasa. Kama uliiona picha ya ukurasa, taja daftari, ukurasa na mstari, ndipo ueleze uliipata wapi. Si aibu kuandika "faharasa tu, picha sijaiona". Sentensi hiyo humsaidia anayekuja baada yako kuliko rejeleo refu linalojifanya kujua.

Dhana: Ukirekebisha kosa mahali pamoja, umelirekebisha hapo tu.

Hii ndiyo iliyonitoa machozi. Nilikuwa kwenye ukurasa wa bibi mmoja wa ukoo wetu, nikaona jina la daftari limekosewa mwaka, nikalisahihisha. Kumbe ndugu wengine wote walioandikwa kwenye madaftari mengine ya parokia ile walikuwa wameunganishwa na jina lilelile, nao wote wakahamia kwenye daftari ambalo hawamo. Hakukuwa na onyo lolote kabla ya kuhifadhi. Kuwarudisha mmoja mmoja kulinichukua siku kadhaa.

Ukweli ni kwamba kuna tabaka tatu, na tovuti nyingi huzionyesha kana kwamba ni moja. La kwanza ni chanzo, yaani daftari zima, cheti au kitabu. La pili ni rejeleo, yaani mahali hasa ndani ya chanzo hicho: ukurasa, mstari, namba ya kaya. La tatu ni dai, yaani jambo unalolithibitisha, kama tarehe ya ndoa au jina la mama. Ukigusa chanzo, unagusa wote wanaokitumia. Ukigusa rejeleo, kwa kawaida unamgusa mtu mmoja. Kabla ya kubadilisha chochote, tafuta palipoandikwa ni watu wangapi wameunganishwa na chanzo hicho. Kama hapapo, tengeneza chanzo kipya, cha zamani ukiache. Hapa ndipo lawama ya wabunifu ilipo: tabaka hizi zimejulikana tangu zamani, na kuzificha nyuma ya kitufe kimoja ni kumtega mtumiaji.

Dhana: Kiungo kinatosha.

Hakitoshi. Kiungo ni anwani, na anwani huhama. Hata kiungo cha kudumu hakimsaidii asiye na akaunti ya kulipia. Weka kiungo pamoja na maelezo yanayoweza kusimama bila hicho kiungo, na tarehe uliyokifungua.

Dhana: Marejeleo kumi ni ushahidi mzito kuliko mawili.

Hesabu kwanza yametoka wapi. Faharasa, nakala ya maandishi, kitabu kilichochapishwa na miti mitano ya watu wengine vinaweza vyote kuwa vimezaliwa na mstari mmoja wa daftari moja. Huo ni ushahidi mmoja uliorudiwa.

Tena, chanzo halisi chenyewe kina tabia zake. Katika sensa ya mwaka 1841 ya Uingereza, waandikishaji waliagizwa kushusha umri wa waliozidi miaka 15 hadi kwenye mafungu ya tano. Mwenye miaka 34 aliandikwa 30. Tovuti ikipiga hesabu yake, inasema alizaliwa karibu mwaka 1811, nawe unakesha ukishindana na cheti kinachosema 1807, ilhali vyote viwili vinakubaliana. Jambo kama hili liandike ndani ya rejeleo, kwenye kisanduku cha maelezo.

Dhana: Ukipakua mti wako, marejeleo yote yanakuja nawe.

Faili la kuhamisha mti huwa ni la mfumo wa GEDCOM. Toleo la 5.5.1 ni la mwaka 1999 na bado linatumika sana, ingawa la 7.0 lilitoka mwaka 2021. Mfumo huo una nafasi ya mwandishi, jina la chanzo, hifadhi ya nyaraka, ukurasa, hata alama ya 0 hadi 3 ya uzito wa ushahidi. Tovuti yenye visanduku vyake vya kipekee hulazimika kuvibana humo, na vingine hupotea. Pakua mti mdogo wa majaribio wenye watu wawili, uufungue kwenye programu nyingine, uone kilichobaki.

Dhana: Rejeleo lenye kosa lifutwe.

Kwenye FamilySearch na WikiTree, tovuti nyingine ya nasaba, mti ni mmoja na wengi wanauhariri. Ukifuta kimya kimya, mwingine atalipata rejeleo lilelile kwenye utafutaji na kulirudisha kwa nia njema. Liondoe kwa mtu asiyehusika, lakini kwenye nafasi ya kueleza sababu andika kitu kama hiki: "Huyu ni mwingine mwenye jina hilohilo. Mama yake ametajwa kwenye mstari wa nne, na si mama wa huyu wetu. Tafadhali usiunganishe tena kabla ya kuangalia picha ya ukurasa."