Haunani-Kay Trask: yanayosemwa na ukweli wake

Akitajwa Haunani-Kay Trask, mshairi na mwanazuoni mzawa wa Hawaii aliyefariki Julai 2021, jambo la kwanza watu husema ni kwamba alikuwa na hasira. Kweli alikuwa nayo. Upotofu uko kwenye maelezo yanayofuata.

"Aliwachukia tu Wazungu." Hasira yake ilikuwa na tarehe. Januari 16, 1893 wanajeshi wa Marekani waliteremka Honolulu kutoka manowari Boston, na kesho yake kundi la wafanyabiashara na wenye mashamba likampindua Malkia Liliʻuokalani wa Hawaii. Miaka 100 baadaye Trask alisimama mbele ya umati penye kasri la malkia huyo akatamka: "Sisi si Wamarekani. Tutakufa tukiwa Wahawaii." Kabla mwaka huo haujaisha, Bunge la Marekani likapitisha azimio la kuomba radhi kwa mapinduzi yale, na Rais Clinton akalitia saini.

"Wahawaii walijiunga na Marekani kwa hiari." Hii ndiyo iliyokita mizizi kuliko zote. Mwaka 1897, wazawa wote wakiwa kama 40,000 hivi, saini zaidi ya 21,000 zilikusanywa kupinga mkataba wa kuiunganisha Hawaii na Marekani, wanaume kwenye karatasi zao na wanawake kwenye zao. Zikafikishwa Washington, na mkataba ukakwama katika Seneti. Mwaka uliofuata Marekani ikavitwaa visiwa hivyo kwa azimio tu la Bunge. Na kura ya 1959? Iliuliza kama Hawaii ikubaliwe mara moja kuwa jimbo, ndiyo au hapana. Uhuru haukuwamo.

"Alizaliwa San Francisco, si mzawa." Alizaliwa huko mwaka 1949, akalelewa Oahu, kimojawapo cha visiwa vya Hawaii. Uzawa ni wa ukoo.

"Alikuwa mwanaharakati, si msomi." Alipata shahada ya uzamivu ya sayansi ya siasa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin mwaka 1981, na ni mmoja wa waasisi wa Kituo cha Masomo ya Kihawaii katika Chuo Kikuu cha Hawaii. Kitabu chake cha 1993, From a Native Daughter, kinasema utalii unaugeuza utamaduni wa watu wake kuwa bidhaa, huku wao wenyewe wakikosa ardhi. Wengi walikasirika, lakini kwangu mimi hoja hiyo bado haijajibiwa.

"Mashairi yalikuwa mapumziko yake." Diwani zake mbili, za 1994 na 2002, zinabeba hoja zilezile, ila humo pia mna Pele, mungu wa volkano, na mapenzi makubwa kwa nchi yake. Anayemjua kwa hotuba ile moja tu aanzie hapo.