Kodi ya chini Malindi si lazima iwe nyumba rahisi

Wengi hapa Malindi tunaamini ukitoka mjini kwenda Kijiwetanga ama huko ndani zaidi ndo utaishi kwa bei nafuu. Ni kweli kodi mara nyingi hushuka, lakini kodi sio gharama yote jamani. Tuseme chumba kimekupunguzia 2,000 kwa mwezi, alafu boda ni 100 kwenda na 100 kurudi, siku 26 hizo ni 5,200, umelipa zaidi na jua limekuchoma bure.

Maji ndo nasisitiza sana. Visima vingi vya huku pwani ni vya chumvi, sabuni haitoi povu na chai haileti ladha, so utanunua mitungi ya maji matamu kila siku. Kabla hujatoa dipoziti fungua mfereji mwenyewe, yaonje, uliza majirani (sio dalali) maji hutoka siku gani na kama stima ni mita yako ama ya kushare. Rudi tena saa mbili usiku uone njia ilivyo, kisha piga hesabu hiyohiyo kwa vyumba vya Maweni na Muyeye, mitaa iliyo karibu na mjini, ulinganishe.