Pawatila ya zamani haiwaki? Usikimbilie kufungua injini

Wadau wa kilimo, leo naongelea hizi pawatila (vitrekta vya kusukuma kwa mkono) za zamani zenye injini ya dizeli ya S195, ile ya kulala, silinda moja, hospawa 12, inayowashwa kwa hendeli. Ziliingia kwa wingi wilayani enzi za Kilimo Kwanza, ile sera ya serikali ya kuinua kilimo, kuanzia 2009 na sasa hivi nyingi zimeachwa chini ya miembe zinaota kutu, mwenyewe ameshakata tamaa anataka kuuza kwa kilo. Inaniuma sana kuona hivyo, maana injini hii ni imara mno na spea zake bado zipo mpaka maduka ya miji midogo. Mi ni fundi wa huku Usangu kwenye mpunga, na ninachotaka kusema ni kwamba nyingi zinazoitwa zimekufa pistoni na ringi zake ni nzima, tatizo liko kwenye mafuta au kwenye pampu ya dizeli iliyofungwa vibaya na aliyeifungua mara ya mwisho.

Kabla hujazungusha chochote chomoa kijiti cha oili. Ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa basi maji yameshaingia, mara nyingi ni raba za slivu (ule mkebe ambamo pistoni inatembea) zimechoka au gasketi ya hedi, hapo usiwashe kabisa maana utakula metali (beringi) za krenki. Kama oili iko sawa, inua ile levya ya kuachia kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) alafu zungusha hendeli taratibu. Imegoma? Usipige nyundo wala usifunge kamba uvute na gari. Silinda ya S195 imelala, kwa hiyo unyevu unatulia upande wa chini wa slivu na kutu inashikia hapo kwenye ringi. Mimina dizeli iliyochanganywa na oili ya gia boksi ya otomatiki kupitia njia ya hewa valvu ikiwa wazi, iache ilale usiku mzima, kesho unasukuma fulaiwili (lile gurudumu zito la ubavuni) mbele nyuma kidogo kidogo. Ikikataa kabisa ndio unafungua hedi.

Ikishazunguka, shusha levya upime kompresheni kwa mkono. Injini nzima inakurudishia hendeli kwa nguvu, huwezi kuivusha kirahisi. Ikipita laini sikiliza inapovujia: ukisikia shii kwenye ekzosi ni valvu ya ekzosi, kwenye chujio la hewa ni valvu ya kuingiza, kwenye tundu la kupumulia oili ni ringi, na maji ya kwenye tanki la juu yakitoa mapovu ni gasketi ya hedi. Weka oili kidogo ndani ya silinda uzungushe tena, kompresheni ikipanda basi ni ringi au slivu, isipopanda ni valvu, na kusaga valvu ni kazi ya mchana mmoja na haikugharimu kama seti nzima ya pistoni. Watu wengi wananunua seti bila hata kupima hivi.

Sasa mafuta. Zungusha injini huku mwenzako anaangalia ekzosi. Hamna moshi kabisa maana yake dizeli haifiki ndani. Moshi mweupe ukitoka na injini haishiki, dizeli inafika ila haiungui, hapo rudi kwenye kompresheni au taimingi (wakati dizeli inaposukumwa ndani). Injini iliyokaa miaka, shusha tanki uoshe, utakuta maji na tope chini hasa kama mwenyewe alikuwa ananunua dizeli za madumu, badilisha filta, alafu toa hewa: legeza skrubu pale pampuni mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza, legeza nati ya paipu ya presha upande wa nozo (kinachonyunyiza dizeli ndani ya silinda), zungusha mpaka ichuruzike, kaza. Ukitaka kuiona nozo ichomoe uifunge nje kwenye paipu yake na uzungushe, inatakiwa itoe ukungu laini na ikate kwa mlio mkali, ikitoa matone au ikidondosha mwishoni basi isafishe au badilisha. Presha pale ni kama baa 120 hadi 130, kwa hiyo MKONO USIKAE MBELE YA NOZO, ile dizeli inatoboa ngozi na kuingia ndani, na ukipata jeraha hilo unakimbia hospitali hata kama halionekani kubwa.

Sehemu ambayo naomba msome mara mbili ni pampu. Kati ya pampu na bodi kuna vigasketi vyembamba, hivyo ndio taimingi yenyewe. Ukipunguza dizeli inawahi, ukiongeza inachelewa. S195 inataka dizeli ianze kusukumwa digrii 16 mpaka 20 kabla pistoni haijafika mwisho, na fulaiwili ina alama zake za kuangalia. Fundi anafungua pampu, vigasketi vinachanika anavitupa, anafunga bila kuhesabu, injini inaanza kugonga au inatoa moshi mweupe, basi lawama zinaenda kwa ringi. Kubwa zaidi ya hilo, mkono wa pampu una kigololi ambacho lazima kiingie ndani ya uma wa gavana, kile kifaa kinachodhibiti mwendo wa injini. Kikikaa nje gavana haina amri tena juu ya dizeli, unawasha na injini inapanda mzunguko yenyewe bila kusimama wakati kawaida yake ni 2000 kwa dakika, inaweza kupasuka na kuua mtu. Kwa hiyo baada ya kufunga pampu hakikisha kwa macho, vuta levya ya mafuta uone mkono wa pampu unafuata, na siku ya kuwasha weka karibu kipande cha ubao au turubai zito la kuziba njia ya hewa, ikikimbia unaziba hapo hapo. Usitumie kiganja.

Tapeti, yaani nafasi ya juu ya valvu, pima injini ikiwa ya baridi, 0.35 mm ya kuingiza na 0.45 mm ya ekzosi. Chujio la hewa ni la oili, lioshe na uweke oili mpya, vumbi la kiangazi likipita pale slivu haimalizi msimu.

Na maji jamani. Aina hii yenye tanki la wazi inapoa kwa maji kuchemka na kuwa mvuke, kwa hiyo kuchemka ni kawaida yake, kinachoiua ni maji kuisha. Angalia kile kiboya chekundu, kikishuka ongeza. Ikikaukia ikiwa ya moto usimwage maji ya baridi ghafla, hedi itapasuka, izime ipoe kwanza.

Ikiwaka tu, macho yaende kwenye kitufe chekundu cha oili. Kisipoinuka zima, usisubiri. Kikiinuka iache itembee bila mzigo kama nusu saa, zima, ipoe kabisa, alafu kaza upya nati za hedi kwa kupishanisha na upime tapeti tena, ndipo uifunge jembe.