Gitaa la sauti nene: kuisikiliza Guitar Town ya Steve Earle

Mwanafunzi akija kwangu kutaka kujifunza gitaa la kantri, kabla hajagusa uzi hata mmoja namsikilizisha “Guitar Town” wa Steve Earle, mwimbaji na mtunzi wa Kimarekani. Ni wimbo wa dakika mbili na nusu hivi, na ndio unaofungua albamu ya jina hilo hilo iliyotoka Machi 1986. Namwomba ayaache maneno kwanza, asikilize kile kinachomjibu mwimbaji anaponyamaza. Ni noti chache tu, za sauti nene, zinavuma kama kamba ya mkonge iliyokazwa kati ya miti miwili. Wapo wanaoniambia hiyo ni besi, wapo wanaosema ni gitaa. Wote wamepatia.

Chombo chenyewe ni besi ya nyuzi sita ya Danelectro, na aliyeipiga ni Richard Bennett. Hutuniwa kama gitaa la kawaida, ila kila uzi uko oktava moja chini, yaani noti ni zile zile kwa sauti nene zaidi. Danelectro walianza kuitengeneza mwaka 1956, na haikuwa mali ya kitajiri. Mwili wake ni hadibodi, ile ile ya kuzibia migongo ya makabati, iliyobandikwa juu ya fremu ya mbao nyepesi. Vinasa sauti vyake vimewekwa ndani ya vikebe vya lipstiki. Ukiibeba unashangaa wepesi wake, na ukiipiga unashangaa zaidi.

Mafundi wa Nashville, mji wa Marekani unaorekodiwa kantri, waliipenda kwa kazi maalumu. Besi kubwa ya kusimama ilipiga noti za chini, na mpigaji wa Danelectro akapiga noti zile zile juu yake huku amelaza ukingo wa kiganja kwenye nyuzi, ili kila noti ife mapema. Ilitoka sauti kavu, tik-tak, tik-tak, na jina likawa hilo hilo. Redio ndogo za siku zile zilikuwa zikiimeza besi kubwa. Ile tik-tak ndiyo iliyoifanya isikike. Mpigaji Harold Bradley aliifanya kazi hiyo kwenye rekodi za mwimbaji wa kantri Patsy Cline mwanzoni mwa miaka ya 1960. Ilikuwa kazi ya nyuma ya pazia. Ukiisikia bila kuambiwa, hutajua ipo.

Bennett aliitoa nyuma ya pazia. Kwenye “Guitar Town” hiyo besi ndiyo inayobeba alama ya wimbo, ile noti ambayo mtu akiimba bafuni anaiga kwa mdomo. Kwa hiyo chombo cha Nashville ya zamani kimewekwa juu ya mdundo wa roki, na hakuna kati ya hivyo viwili kinachomwonea mwenzake aibu. Nimekuwa nikiisikiliza albamu hii kwa miaka mingi, na bado naona jibu la swali lote liko pale, kwenye noti zile chache.

Swali lenyewe ni hili: Earle alichukua nini kwa watu wa roki? Wengi hujibu kwamba alichukua kelele. Mimi nasema alichukua mwendo.

Katikati ya miaka ya 1980 Marekani ilikuwa na aina ya roki iliyoitwa heartland rock. Mimi huiita roki ya bara, kwa sababu sisi tunajua bara ni nini na pwani ni nini. Ni muziki wa watu wa ndani: wafanyakazi wa viwanda, wakulima, vijana wa miji midogo. Bob Seger alitoka Michigan, John Mellencamp alitoka Seymour, Indiana. (Bruce Springsteen alitoka New Jersey, ambako bahari iko karibu kabisa, na Tom Petty alitoka Florida, kwa hiyo bara hapa ni hali ya maisha kuliko ramani.) Wakati huo mashamba yalikuwa yakipigwa mnada kwa madeni. Septemba 1985 Mellencamp, Willie Nelson na Neil Young walifanya tamasha la kwanza la Farm Aid huko Champaign, Illinois, kuwachangia wakulima. Watu wa kantri na watu wa roki wakasimama jukwaa moja kwa jambo moja.

Ukiipasua roki ya bara utakuta ndani yake vitu rahisi sana. Snea, ile dramu ya mlio mkali, inapigwa kwa nguvu kwenye pigo la pili na la nne, wala haichezichezi. Besi inarudia noti ile ile, nane kwa kila baa, yaani kila mapigo manne, kama matairi yanavyopita kwenye maungio ya daraja. Gitaa linaachia nyuzi zilie moja moja badala ya kuzipiga zote pamoja. Kinanda kinashikilia kodi moja, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, mpaka inageuka upeo wa macho. Kantri ya kawaida ina mwendo wa kucheza, wa mguu huu na mguu ule, kwa kuwa ilikulia kwenye kumbi za dansi. Roki ya bara haina mguu huu na mguu ule. Inakwenda mbele tu. Mwili wako unajua umo ndani ya gari kabla mwimbaji hajataja gari.

Earle alizaliwa Virginia mwaka 1955, akakulia karibu na San Antonio, Texas. Alifika Nashville mwaka 1974 akiwa na miaka 19, akapiga besi kwenye bendi ya Guy Clark na kuitikia kwenye albamu ya kwanza ya Clark mwaka uliofuata. Walimu wake walikuwa Clark huyo na Townes Van Zandt, watunzi ambao kwao neno moja lililokaa pabaya ni dhambi. Halafu akasubiri. Aliandika nyimbo za kuuzia wengine, akarekodi mambo ambayo hayakumfikisha mbali, na albamu yake ya kwanza kamili, hii ya Guitar Town, ikatoka akiwa na miaka 31. Ameeleza mwenyewe kwamba kabla ya hapo alikwenda kumtazama Springsteen kwenye ile ziara ya Born in the U.S.A., akatoka na hamu ya kuandika wimbo wa kufungulia: wimbo unaofungua albamu na unaofungua jukwaa, unaomwambia msikilizaji mimi ni nani na tunakwenda wapi. Ndipo ukazaliwa “Guitar Town”. Ndani yake kuna mtu aliyeambiwa kwamba hatafika mbali na dola 37 na gitaa la Kijapani, naye amekwisha kuondoka.

Waliomtayarishia albamu kwa kampuni ya MCA walikuwa Tony Brown na Emory Gordy Jr., na hapa naomba nikae kidogo, maana watayarishaji husahauliwa. Brown alikuwa mpiga piano wa Elvis Presley katika miaka yake ya mwisho. Gordy naye ndiye unayemsikia akipiga besi kwenye “Burning Love” ya Elvis ya mwaka 1972, kisha akampigia mwimbaji wa kantri Emmylou Harris. Watu hawa hawakuhitaji kufundishwa jinsi kantri na roki zinavyokaa nyumba moja. Walirekodi kwa mashine ya kidijitali ya Mitsubishi, na albamu ikawa miongoni mwa za mwanzo za kantri kufanyiwa hivyo. Unaisikia hali hiyo kwenye snea na kwenye usafi wa gitaa. Wapo wanaoulalamikia usafi huo, mimi naona uliisaidia besi ya Danelectro isipotelee kwenye ukungu. Gitaa la stili la Bucky Baxter, lile la kulazwa lenye pedali, halilii kilio cha kawaida cha baa za pombe. Linakaa mbali, kama taa za mji uliokwisha kuupita.

Albamu ilifika namba 1 kwenye chati ya albamu za kantri ya jarida la Billboard. Wimbo wa jina lake ulifika namba 7, “Goodbye's All We've Got Left” ukafika namba 8, na Earle akateuliwa mara mbili kuwania tuzo ya Grammy. Hayo yatosha kwa upande wa hesabu.

Nyimbo ni kumi, dakika 34 hivi, na karibu kila moja ina mtu anayeondoka au aliyeshindwa kuondoka. “Hillbilly Highway”, aliouandika na Jimbeau Hinson, unapita vizazi vitatu. Hillbilly ni tusi ambalo watu wa mjini kule huwatupia watu wa milimani, kama hapa mtu anavyoitwa mshamba. Babu alikuwa mchimba makaa ya mawe, akaacha mgodi akaenda kutafuta maisha kwingine. Akaweka akiba mwanawe asome. Mwana akasoma, akapata kazi nzuri mbali na kwao. Mjukuu akaacha shule akachukua gitaa. Kila mara mama fulani amesimama akilia, na kila mara barabara ni ile ile. Historia iliyo nyuma yake ni ya kweli: mamilioni ya watu wa milima ya Appalachia waliihama migodi na vishamba vyao kwenda viwanda vya kaskazini, na njia walizopita zikabandikwa jina hilo. Kwenye “Good Ol' Boy (Gettin' Tough)”, aliouandika na Bennett, kuna mtu aliyetumikia jeshi, akaoa, akanunua nyumba, ana kazi, na bado mshahara hautoshi. Pikapu yake ya dola 20,000 ni yake na ya benki.

Wimbo ninaoupenda kuliko yote ni “Someday”.

Kijana anafanya kazi kituo cha mafuta kando ya barabara kuu. Magari yanaingia, yanajazwa, yanatoka. Anayaona mabamba ya namba ya majimbo ambayo hajawahi kuyafika. Kaka yake alikuwa hodari wa mpira, akaenda chuo, yeye amebaki. Jioni unaendesha gari mpaka ziwani, ukifika huko unageuza unarudi. Wimbo unaanza kwa utulivu, gitaa likidondosha noti kama mtu anayehesabu sarafu, halafu dramu zinaingia na kila kitu kinaanza kwenda. Sasa angalia ufundi ulipo. Muziki unakimbia, mwimbaji hajasogea hata hatua moja. Mdundo ni ule ule wa mtu aliyeondoka kwenye wimbo wa kwanza, ila huyu anausikia kwa nje, kutoka kwenye magari ya wengine. Kama Earle angeutengeneza kama kantri ya taratibu, yenye fidla na machozi, tungemwonea kijana huruma tukaishia hapo. Kwa mwendo wa roki tunaisikia hamu yake yenyewe, jinsi inavyomvuta shati.

Nilikulia Voi, kwenye barabara ya Nairobi kwenda Mombasa, kwa hiyo huyo kijana simsomi vitabuni. Namfahamu. Usiku mabasi na malori yalikuwa yakipita na sisi tuliokuwa wadogo tuliyatambua kwa ngurumo tu kabla ya kuona taa. Ukienda juu kidogo, Mtito Andei, utawaona vijana wakikimbilia madirisha ya mabasi na maji na njugu, wanamjua kila dereva, na wengine hawajawahi kulala Nairobi usiku mmoja. Redio za Kenya zilitulea na Jim Reeves, Skeeter Davis na Kenny Rogers, nami nashukuru kwa hilo. Lakini sikuwahi kusikia kwenye kantri mtu wa kituo cha mafuta akipewa muziki mkubwa kiasi hiki, muziki wa viwanja vya mpira, bila yeye kufanya jambo lolote kubwa.

Kwa mpigaji, kuna somo la mkono pia. Jaribu kupiga “Someday” kwa kukwaruza nyuzi zote kama tunavyozoea kwenye nyimbo za kantri, na wimbo unakufa mikononi mwako. Piga nyuzi moja moja, acha zile za juu ziendelee kulia unapobadilisha kodi, na mkono wa kulia usibadilishe nguvu mpaka dramu zikuruhusu. Ni uvumilivu ambao wanafunzi wangu wengi huuona mgumu kuliko noti za kasi. “My Old Friend the Blues” ni mgumu zaidi bado, kwa kuwa hauna pa kujificha kabisa: kodi chache, sauti moja iliyochoka, na kila kosa linasikika.

Na upo wimbo mmoja ambamo barabara inapewa hesabu yake. “Little Rock 'n' Roller” ni wa pili kutoka mwisho wa albamu. Mwendo umepungua, vyombo vimerudi nyuma. Baba yuko safarini na bendi, usiku, anampigia simu mwanawe mdogo. Anaongea maneno ya kawaida ya baba wa mbali, ahadi za siku ukiwa mkubwa, salamu za mama. Sisi tunausikia upande mmoja tu wa mazungumzo. Majibu ya mtoto tunayajazia wenyewe kwenye vimya vidogo kati ya mistari, na ni katika vimya hivyo ndipo gitaa la sauti nene la wimbo wa kwanza lingekuwa likijibu.

Mtoto huyo ni Justin Townes Earle, aliyezaliwa Januari 1982 na kupewa jina la kati la Townes Van Zandt. Alikua akawa mtunzi mzuri sana mwenyewe, akatoa albamu zake, akafariki Agosti 2020 akiwa na miaka 38. Januari 4, 2021, siku ambayo angetimiza miaka 39, baba yake alitoa albamu iitwayo J.T., yenye nyimbo za mwanawe, alizozirekodi yeye baba na bendi yake. Wimbo mmoja tu humo ni wa baba. Unaitwa “Last Words”, umewekwa mwishoni, nao unasimulia mazungumzo yao ya mwisho, ya simu, usiku ule Justin alipofariki. Baba alimwambia anampenda, na safari hii jibu la upande wa pili limo ndani ya wimbo.